Upinde mrefu: Kwa nini mti mgumu si lazima uwe mti bora

Wawindaji wa jamii ya Wahadzabe, kandokando ya Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, wangali wanategemea upinde kujipatia nyama. Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, jamii ya Waata ilipata sifa kwa pinde nzito zilizoweza kumwangusha tembo. Barani Ulaya, upinde wa namna hiyo hiyo, mrefu na uliochongwa kwa kipande kimoja cha mti, uliamua vita kadhaa vya Zama za Kati.

Watu hao hawakujuana, na miti yao haifanani. Hata hivyo, wote walikabiliwa na swali moja: ni mti gani unaoweza kupindwa maelfu ya mara bila kuvunjika, na kila unapoachiwa ukarudi mahali pake kwa kasi ya kutosha kuurusha mshale mbali?

Jibu si mti mgumu kuliko yote. Lau ugumu peke yake ungetosha, mpingo ungeongoza orodha. Mti huo una uzito wa zaidi ya kilo 1,200 kwa kila mita ya ujazo, kiasi kwamba kipande chake kikavu huzama majini. Lakini uzito huo ndio kasoro yake kwa kazi hii, na ni nadra kupata mpingo wenye kipande kilichonyooka, kisicho na mafundo, chenye urefu wa kimo cha mtu mzima.

Historia ya upinde mrefu inaonyesha kwamba uteuzi wa mti ni suala la uwiano: kati ya nguvu na wepesi, kati ya umbo na mti uliopo, na kati ya mahitaji ya watu na uwezo wa msitu. Pale uwiano wa mwisho ulipovunjika, kama ilivyotokea Ulaya ya kati katika karne ya 16, hata mti ulio bora kuliko yote haukusaidia, kwa kuwa haukuwapo tena.

Mgongo na tumbo

Mafundi huupa upinde viungo kama vya mwili. Upande unaolitazama windo huitwa mgongo, na ule unaomtazama mpigaji huitwa tumbo. Upinde unapovutwa, nyuzi za mti zilizo mgongoni hunyooshwa, ilhali zile za tumboni hubanwa. Katikati ya unene wake kuna tabaka jembamba ambalo halinyooshwi wala halibanwi.

Mbao nyingi huhimili kunyooshwa kuliko kubanwa. Ndiyo maana upinde dhaifu mara nyingi huanza kuharibika tumboni. Nyuzi husagika taratibu, mikunjo midogo kama makunyanzi hujitokeza, na baada ya muda upinde hubaki umejipinda hata ukivuliwa ugwe. Mgongoni, maangamizi huja kwa ghafla. Uzi mmoja uliokatwa na kisu, au fundo lililochongwa bila uangalifu, huweza kufunguka, na upinde mzima ukapasuka kwa kishindo mikononi mwa mpigaji.

Kipo pia kigezo cha tatu, ambacho wengi hukisahau. Nguvu iliyowekwa kwenye upinde haiendi yote kwenye mshale. Sehemu yake hutumika kuisukuma mikono miwili ya upinde wenyewe irudi mahali pake. Mikono ikiwa mizito, hunyang'anya mshale nguvu iliyokuwa haki yake. Kwa hiyo mti unaofaa ni ule unaonyumbuka sana, usiosagika kwa urahisi tumboni, na ambao hauna uzito wa ziada.

Umbo huweza kufidia kasoro za mti. Upana wa upinde ukiongezwa mara mbili, ukakamavu wake huongezeka mara mbili. Unene ukiongezwa mara mbili, ukakamavu huongezeka mara nane, lakini nyuzi za nje huteseka zaidi kila upinde unapokunjwa. Kutokana na kanuni hiyo, mti unaostahimili kubanwa huweza kuchongwa mwembamba na mnene, wakati mti ulio dhaifu tumboni hutakiwa kuchongwa mpana na bapa ili mzigo ugawanywe kwa nyuzi nyingi zaidi.

Ukavu nao ni sharti. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini kwa upinde kanuni ni kinyume chake. Mti mbichi ukikunjwa hubaki umekunjika, na nguvu yake hupotea. Kwa sababu hiyo mafundi hupasua gogo mapema, hupaka ncha zake mafuta, nta au gundi ili zisipasuke, kisha huliacha likauke kivulini kwa miezi kadhaa, pengine miaka, kabla ya kulipinda kwa mara ya kwanza.

Yuu: tabaka mbili katika mti mmoja

Mti uliosifiwa kuliko yote barani Ulaya huitwa yuu, na wataalamu wa mimea huuita Taxus baccata. Ni mti wenye majani ya kijani mwaka mzima, unaokua polepole sana, na karibu sehemu zake zote zina sumu kwa binadamu na mifugo. Hauoti kiasili Afrika Mashariki, ingawa hupatikana katika baadhi ya milima ya Afrika Kaskazini.

Siri ya yuu imo katika tabaka zake mbili. Mbao ya nje, iliyo chini ya gome, ni nyeupe na hustahimili sana kunyooshwa. Moyo wa mti, wenye rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, hustahimili sana kubanwa. Fundi huchonga upinde kwa namna ambayo mbao nyeupe inakuwa mgongo na moyo wa mti unakuwa tumbo. Kile ambacho mafundi wa Asia walikipata kwa kugandisha mishipa ya mnyama mgongoni na pembe tumboni, yuu hukitoa tayari kutoka msituni.

Uzito wake ni wa wastani, takriban kilo 650 hadi 700 kwa mita ya ujazo, yaani karibu nusu ya uzito wa mpingo. Na kwa kuwa si mkakamavu kupita kiasi, huweza kukunjwa sana kabla ya kufikia kikomo. Hivyo upinde wa yuu huweza kuwa mwembamba, mnene kiasi, na bado ukawa na kasi.

Ushahidi wa kale ni mwingi. Mwili wa mtu aliyekufa takriban miaka 5,300 iliyopita, uliogunduliwa mwaka 1991 katika barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, ulikutwa karibu na upinde wa yuu ambao haujakamilika, wenye urefu wa mita 1.82. Mwenyewe alikuwa na kimo cha takriban mita 1.60 tu. Katika podo lake mlikuwa na mishale 14, na ni miwili tu iliyokuwa tayari kutumika.

Ushahidi ulio kamili zaidi ulitoka baharini. Meli ya kivita ya Mary Rose, ya Mfalme Henry VIII wa Uingereza, ilizama mwaka 1545, na mabaki yake yaliinuliwa mwaka 1982. Ndani na kandokando yake zilipatikana pinde zaidi ya 100 za yuu, nyingi zikiwa na urefu wa kati ya mita 1.87 na 2.11. Wataalamu wanakadiria kwamba kuzivuta kulihitaji nguvu inayolingana na kuinua mzigo wa kilo 45 hadi zaidi ya 80. Mbao yake ina pete za ukuaji zilizosongamana, ishara ya miti iliyokua polepole katika baridi ya milimani.

Elmi na ashi: miti ya mwananchi wa kawaida

Yuu haikuwa ya kila mtu. Muda mrefu kabla yake kutawala, watu wa Ulaya ya kaskazini walitumia elmi, mti mkubwa wa majani mapana ambao nyuzi zake zimesukana kiasi kwamba ni vigumu kuupasua kwa shoka. Pinde zilizopatikana katika kinamasi cha Holmegaard nchini Denmark, zenye umri wa takriban miaka 9,000, ni za elmi. Umbo lake ni pana na bapa, jambo linaloonyesha kwamba mafundi wa enzi hizo walikwisha kuelewa namna ya kuusaidia mti usiostahimili kubanwa kama yuu.

Gerald wa Wales, padri na mwandishi aliyezunguka nchi hiyo mwaka 1188, alieleza kwamba wapiga upinde wa Gwent hawakutumia pembe wala yuu, bali elmi ya porini. Pinde zao, kwa maelezo yake, zilikuwa na sura ya kikatili na hazikulainishwa, lakini ni imara. Aliandika kwamba wakati wa shambulio dhidi ya ngome ya Abergavenny mishale yao ilipenya mlango wa mwaloni wenye unene wa karibu kiganja kizima.

Ashi ndiyo iliyofuata. Ni mti ulionyooka, unaopasuka vizuri, na ambao hadi leo hutengenezewa mipini ya zana. Hustahimili sana kunyooshwa, lakini tumbo lake husagika mapema. Upinde wa ashi ukichongwa mwembamba kwa mfano wa yuu, hujipinda na kuchoka. Ukichongwa mpana na bapa, huweza kutumika kwa miaka mingi.

Tofauti hiyo iliingia hata katika sheria. Katika utawala wa Henry VIII, mafundi wa Uingereza walilazimishwa kutengeneza idadi maalumu ya pinde za elmi, ashi na miti mingine ya bei nafuu kwa kila upinde wa yuu waliouchonga. Vijana walio chini ya umri wa miaka 17 walizuiwa kutumia pinde za yuu, isipokuwa kama wao au wazazi wao walikuwa na mali ya kiwango kilichowekwa. Mti bora uligeuka kuwa rasilimali ya dola, na mwananchi wa kawaida akafanya mazoezi kwa mti wa pili.

Mchungwa wa Osage na hikori

Amerika Kaskazini ilikuwa na majibu yake. Katika maeneo ambayo leo ni majimbo ya Texas, Oklahoma na Arkansas humea mti uitwao mchungwa wa Osage, kwa kulifuata jina la taifa la wenyeji wa eneo hilo. Licha ya jina lake, hauna undugu na mchungwa, bali ni wa jamii moja na mforosadi na mtini. Wafaransa waliokuta wenyeji wakiutumia waliuita mti wa upinde.

Mbao yake ni ya manjano, nzito kuliko yuu, haiozi upesi na hustahimili kunyooshwa na kubanwa kwa kiwango cha juu. Kwa uzito wake ungetarajiwa kuwa mzito wa mwendo, lakini nguvu unayoweza kuihifadhi ni kubwa mno, kiasi kwamba fundi huweza kuchonga mikono miembamba au upinde mfupi na bado akapata kasi. Sharti ni moja: huondoa mbao nyeupe ya nje, kisha hufuata pete moja ya ukuaji kutoka ncha hadi ncha bila kuikata. Kazi hiyo huweza kuchukua siku nzima.

Thamani yake ilijulikana mbali. Msafiri John Bradbury, aliyefika kwa watu wa Arikara kandokando ya Mto Missouri mwanzoni mwa miaka ya 1810, mamia ya kilomita kutoka mahali mti huo unapomea, alieleza kwamba upinde mmoja ulibadilishwa kwa farasi na blanketi.

Mashariki mwa bara hilo ilitumika hikori, ambayo sifa yake kuu ni mgongo usiopasuka kwa urahisi. Mwanafunzi anayejifunza kuchonga hushauriwa kuanza na hikori kwa kuwa huvumilia makosa. Udhaifu wake ni unyevu. Hewa ikiwa na maji mengi, hikori huyanyonya, hulegea na kupoteza kasi. Katika nchi kavu huwa ni mti mwingine kabisa. Hivyo, mti ule ule huweza kusifiwa na fundi mmoja na kulaumiwa na mwenzake, na wote wawili wakawa wamesema kweli, kila mmoja kwa hali ya hewa ya kwao.

Nyika za Afrika Mashariki

Mazingira ya nyika huleta masharti tofauti. Hapa hakuna misitu ya yuu yenye mashina yaliyonyooka. Kuna vichaka na miti midogo inayostahimili ukame, na wawindaji huchagua kutoka humo.

Miongoni mwa miti inayotumiwa na Wahadzabe ni mmoja wa jamii ya Dombeya, wanaouita mutateko, pamoja na ile ya jamii ya mkole, ambayo wataalamu huiita Grewia. Huu wa pili unajulikana na wengi kwa matunda yake madogo matamu yanayopendwa na watoto wachungaji. Matawi yake marefu na yenye kunyumbuka hutumika katika sehemu nyingi za Tanzania na Kenya kutengenezea fimbo, mipini, mishale na pinde.

Badala ya kupasua gogo kubwa, mwindaji huchukua mti mwembamba au tawi nene lililonyooka, huondoa gome, kisha hupunguza mbao hadi upinde ukunjike sawasawa pande zote mbili. Njia hiyo ina faida ambayo haionekani kwa haraka: nyuzi za nje za tawi hubaki nzima mgongoni, bila kukatwa, na hapo ndipo upinde huhitaji ulinzi zaidi. Ugwe hutengenezwa kwa mishipa ya mnyama.

Watafiti waliozipima pinde za Wahadzabe walikuta kwamba kwa wastani huhitaji nguvu ya kama kilo 30 kuzivuta. Kiwango hicho ni kikubwa kuliko kile cha pinde nyingi za michezo ya leo, na humwezesha mwindaji kupiga wanyama wakubwa kwa mishale yenye sumu, ikiwamo ile inayotokana na utomvu wa waridi la jangwani.

Kwa Waata wa Kenya, waliowinda katika nyika zilizo kati ya Tsavo na Mto Tana, mahitaji yalikuwa makubwa zaidi. Ili sumu ya mti wa Acokanthera ifanye kazi, mshale ulipaswa kwanza kuipenya ngozi ya tembo. Pinde zao zimeelezwa kuhitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45, kiwango kinachogusa kile cha pinde za Mary Rose. Watu waliotenganishwa na bahari mbili na karne nne walifikia kikomo kinachokaribiana, kwa kuwa kilichowawekea mipaka kilikuwa kimoja: uwezo wa mti na uwezo wa mgongo wa binadamu.

Ustadi huo wa Waata haukuzimwa na uhaba wa miti. Hifadhi ya Taifa ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948 katika ardhi waliyowinda, na katika miaka ya 1950 operesheni dhidi ya ujangili ziliwafikisha wengi wao gerezani. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji nchi nzima. Miti ilibaki, lakini sababu ya kuichonga iliondoka, na pamoja nayo ikaondoka sehemu kubwa ya maarifa ya kuichagua.

Taifa lililomaliza misitu ya jirani

Ulaya ilishuhudia kinyume chake: sababu ilibaki, miti ikaisha.

Ushindi wa Uingereza dhidi ya Ufaransa katika vita vya Crécy mwaka 1346 na Agincourt mwaka 1415 uliufanya upinde mrefu kuwa silaha ya taifa. Lakini yuu ya Uingereza haikutosha, na nyingi ilikuwa na mafundo na mashina yaliyopinda. Macho yakageukia nchi nyingine. Mwaka 1472 sheria iliagiza kila meli iliyoleta bidhaa kutoka nchi zilizotajwa ilete pia vipande vinne vya mti wa pinde kwa kila tani ya shehena. Mwaka 1484, chini ya Mfalme Richard III, wafanyabiashara wa mvinyo walitakiwa kuleta vipande 10 kwa kila pipa kubwa la mvinyo wa aina fulani.

Mahitaji hayo yaliangukia misitu ya Bavaria, Austria na maeneo jirani. Baadhi ya watawala waliona hatari mapema. Nchini Poland, sheria iliyotolewa mwaka 1423 na Mfalme Władysław Jagiełło iliweka ulinzi kwa miti ya yuu. Mwaka 1507 mtawala wa Dola Takatifu la Kirumi alimwomba mtawala wa Bavaria asimamishe ukataji. Faida ilikuwa kubwa, na shoka halikusimama.

Mwaka 1562 serikali ya Bavaria yenyewe iliandika ombi refu kwa mtawala huyo wa dola, ikieleza madhara yaliyokwisha kutokea. Ukataji wa kuchagua mti mmoja mmoja, uliodhaniwa kuwa hauna athari, ulikuwa umetoboa paa la msitu. Upepo uliingia kupitia matundu hayo na kuiangusha miti ya jirani ambayo hakuna aliyeikusudia. Kufikia mwaka 1568, ombi jipya la kibali cha biashara hiyo kutoka Saxony lilikataliwa kwa sababu nyepesi: hapakuwa na yuu ya kukata.

Mwaka 1595 baraza la Malkia Elizabeth wa Kwanza liliamuru pinde za wanamgambo zibadilishwe kwa bunduki. Bunduki ilikuwa na sababu zake za kushinda, ikiwa ni pamoja na kwamba askari huweza kufundishwa kuitumia kwa majuma machache, wakati mpiga upinde hulelewa tangu utotoni. Lakini uhaba wa mti ulikuwa umekwisha kuidhoofisha silaha hiyo kwa miongo kadhaa.

Kosa halikuwa kuipenda yuu, ambayo sifa zake ni za kweli. Kosa lilikuwa kutegemea mti mmoja unaohitaji muda mrefu kuliko maisha ya mtu ili utoe shina nene, lililonyooka, na kuuvuna kwa kasi ya mahitaji ya jeshi. Wapiga upinde wa Gwent walikwisha kuonyesha kwamba elmi hufanya kazi. Lakini elmi ilihitaji umbo jingine na ustadi mwingine, na dola iliona ni rahisi zaidi kununua misitu ya wengine.

Hali ilivyo leo

Miti iliyodharauliwa wakati huo nayo sasa imo mashakani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ugonjwa wa kuvu unaosambazwa na mbawakawa umeua zaidi ya elmi milioni 25 nchini Uingereza. Ashi inashambuliwa na kuvu mwingine, aliyebainika Poland katika miaka ya 1990 na kuthibitishwa Uingereza mwaka 2012. Fundi wa Ulaya wa leo, ambaye huchonga kwa ajili ya michezo na utafiti wa historia, mara nyingi hulazimika kuagiza mbao kutoka mbali.

Yuu yenyewe ilikumbwa na kishindo kingine. Katika gome la aina moja ya mti huo, inayomea pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, wanasayansi waligundua kemikali inayozuia saratani. Dawa ya paclitaxel iliidhinishwa Marekani mwaka 1992, na hofu ikazuka upya kwamba misitu ingemalizwa. Safari hii suluhisho lilipatikana kwa wakati. Wataalamu walibuni njia ya kuitengeneza dawa hiyo kutokana na majani ya yuu ya Ulaya, ambayo huchumwa bila kuuangusha mti.

Kwa Wahadzabe, tishio kuu si kwisha kwa aina fulani ya mti, bali kupungua kwa ardhi yenye miti hiyo kutokana na kilimo na ufugaji. Mwaka 2011 wakazi wa bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 20,000. Hati hiyo haikutolewa kwa ajili ya pinde, lakini bila nyika hiyo hakuna mutateko, hakuna mkole, na hakuna windo la kupigwa kwa mshale.

Ukilinganisha mti kwa mti, yuu bado inaongoza kwa uwiano wa wepesi na nguvu. Mchungwa wa Osage huizidi kwa ustahimilivu, hikori huwafaa wanaoanza katika nchi kavu, elmi na ashi hufanya vizuri zikichongwa pana, na mkole hutoa upinde kamili kutoka tawi moja. Tofauti ya mwisho ndiyo isiyoonekana kwenye vipimo. Mkole uliokatwa tawi huchipua tena, na mwindaji aliyelikata huweza kurudi kwenye kisiki kile kile baada ya misimu michache. Misitu ya Bavaria haikupewa nafasi hiyo.